Wakuu wa Mara na Desemba ya Mabinti: Nani Atakumbukwa Tarime na Serengeti?

Kila mwaka, tarehe 14 Oktoba, macho ya Watanzania huelekea Butiama, kwenye makazi ya Mwitongo alikozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Misa huadhimishwa, mashada huwekwa, na viongozi hukumbushana maneno yake. Siku tatu kabla ya hapo, tarehe 11 Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike. Mkoani Mara siku hizi mbili hupita kana kwamba hazifahamiani. Ya kwanza ni ya mkuu ambaye sura yake imo katika noti ya shilingi elfu moja. Ya pili ni ya watoto ambao majina yao hayaandikwi popote isipokuwa katika daftari la shule, kadi ya kliniki na kitabu cha wageni cha nyumba salama. Wiki chache baadaye shule hufungwa, Kanisa huingia Kipindi cha Majilio, na katika baadhi ya vijiji vya Tarime na Serengeti wazee wa mila huanza kuhesabu siku za saro.

Kwa desturi ya koo nyingi za Wakurya, msimu mkubwa wa tohara huangukia Desemba ya mwaka wa namba shufwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2014, 2016, 2018, 2020 na 2022. Kwa hesabu hiyo ya zamani, Desemba ya mwaka 2026 nayo imo katika zamu. Wavulana watatahiriwa, na hilo Kanisa halina ugomvi nalo, hasa linapofanyika kwa usafi na mikononi mwa wahudumu wa afya. Lakini pamoja nao, wasichana watakeketwa. Wengine watakuwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili.

Makala haya yanakusudia kuzikutanisha siku hizo mbili za Oktoba kwa kuuliza swali moja: ni nani hasa mtu mkuu katika historia ya Mara? Swali hili linaonekana kuwa la wanahistoria. Ukweli ni kwamba namna tunavyolijibu huamua, kwa sehemu kubwa, yatakayompata binti wa Nyamongo, wa Sirari au wa Mugumu shule zitakapofungwa. Jamii hulea watoto wake wafanane na wale inaowasifu.

Mkoa uliozaa wakuu

Hakuna anayeweza kuisimulia Tanzania akauruka Mkoa wa Mara. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki na mama Mugaya wa Nyang'ombe. Alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, na leo mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri, uliofunguliwa na Jimbo Katoliki la Musoma, unamtambua kuwa Mtumishi wa Mungu. Mke wake, Mama Maria Nyerere, alizaliwa Baraki mwishoni mwa mwaka 1930, mahali palipokuwa sehemu ya Tarime kabla ya Wilaya ya Rorya kuanzishwa mwaka 2007. Alisomeshwa na masista, naye akawa mwalimu kabla taifa halijamfahamu kwa jina la mumewe.

Upande wa ulinzi, Jenerali David Musuguri, naye wa Butiama, aliiongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Aliaga dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Aliyepokea kijiti chake ni Jenerali Ernest Mwita Kiaro, ambaye jina lake la Mwita kila Mkurya analitambua. Upande wa utumishi wa umma, Jaji Joseph Sinde Warioba alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1985 hadi 1990, akaongoza tume iliyoichambua rushwa nchini na kutoa taarifa yake mwaka 1996, kisha akaongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoanza kazi mwaka 2012. Katika siasa za Tarime yenyewe, Chacha Wangwe, aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 2005 na kufariki kwa ajali ya gari Julai 2008, anakumbukwa kwa kuwasemea wananchi waliokuwa wakiishi kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2015 Ester Matiko alishinda kiti cha jimbo la Tarime Mjini, katika wilaya ambayo watu wake wamezoea kujitambulisha kwa sifa za uanaume na ushujaa.

Orodha hii ni ya heshima, na inaweza kuendelea. Tukiitazama kwa makini, hata hivyo, tunaona jambo moja: karibu wote wamo kwa sababu walishika ofisi, jeshi au jukwaa. Tumezoea kumpima mkuu kwa idadi ya watu waliomfuata. Mara chache tunampima kwa idadi ya watu aliowafungulia njia.

Historia huandikwa na anayekumbuka

Wilaya ya Serengeti inatufundisha jinsi kumbukumbu inavyochagua. Ulimwengu unalifahamu jina Serengeti kupitia hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, na kupitia Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliowahesabu wanyama kwa ndege na kutengeneza filamu iliyopata tuzo ya Oscar. Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari 1959, akazikwa Ngorongoro, na kaburi lake hutembelewa hadi leo. Walichangia uhifadhi, na hatuna sababu ya kuwanyima heshima yao. Lakini msafiri anaweza kuizunguka Serengeti nzima bila kusikia majina ya Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, ambao babu zao waliwinda, walilima na kutambika katika nyika hiyo, na ambao wengine walilazimika kuondoka ili wanyama wabaki.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler alitumia miaka mingi kuzikusanya simulizi za watu hawa. Katika kitabu chake cha mwaka 2019 aligeukia kumbukumbu za wanawake. Wazee wa kiume humsimulia mgeni habari za asili ya ukoo, mipaka na vita. Wanawake, walioolewa kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, hubeba kumbukumbu za aina nyingine, yaani nani ni ndugu wa nani, nani alimsaidia nani wakati wa njaa, ni mlango upi unaweza kubishwa usiku. Historia hiyo haina sanamu. Pamoja na hayo, ndiyo iliyoziunganisha jamii za Mara zilizokuwa na kila sababu ya kuchinjana.

Ni vema kulishika jambo hili moyoni, kwa sababu mlango unaoweza kubishwa usiku ndio unaotafutwa na binti anayekimbia ngariba.

Mwalimu na mila za baba zake

Wapo wanaosema kwamba kuupinga ukeketaji ni kuikana asili, na kwamba mtu mkuu wa Mara ni yule anayezilinda mila bila kuzigusa. Tumtazame basi mkuu ambaye wote wanamkubali.

Kambarage alipewa jina la mzimu wa mvua. Alikua katika boma la baba aliyekuwa na wake zaidi ya ishirini. Meno yake ya mbele yalichongwa, kama ilivyokuwa desturi ya Wazanaki, na alama hiyo alikwenda nayo Tabora, Makerere, Edinburgh na Umoja wa Mataifa. Hakuwahi kuwaonea haya watu wake. Hata hivyo, baba yake alikuwa amemtafutia mchumba kimila, na yeye hakumwoa. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa ya Kikristo na Maria Waningu, mke mmoja. Akiwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940, aliandika insha akiyatumia mawazo ya mwanafalsafa John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake ili kuichunguza hali ya wanawake wa Kizanaki, yaani mama zake na dada zake mwenyewe. Kijana wa Kiafrika wa zama zile, mwana wa chifu, alithubutu kuuliza kama nyumba aliyotoka ilikuwa ikiwatendea haki wanawake wake.

Alibatizwa Nyegina, katika misioni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911, tarehe 23 Desemba 1943. Desemba, mwezi ambao vijana wengi wa Mara wameingizwa utu uzima kwa kisu, yeye aliingizwa katika uzima mpya kwa maji.

Turudi kwenye yale meno. Leo ni vigumu kumkuta kijana wa Kizanaki aliyechongwa meno. Ni vigumu vilevile kumkuta kijana wa Kikurya aliyetobolewa na kuvutwa ndewe za masikio hadi zining'inie, ingawa wazee wa vizazi vilivyopita walitambulika kwa alama hiyo. Desturi hizi zilikuwa na maana, zilikuwa na nyimbo zake, na zilikuwa na wazee walioapa kwamba bila hizo mtu si mtu. Ziliondoka. Wazanaki wameendelea kuwa Wazanaki, na Wakurya wameendelea kuwa Wakurya. Mvua haikukatika. Mizimu haikuuangamiza ukoo wowote. Wazazi waliacha kidogo kidogo kuwafanyia watoto wao, na siku moja hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini.

Haki inatudai tuseme pia kwamba wakuu nao huacha kazi bila kuimaliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa katika uongozi wa Mwalimu, iliweka utaratibu mmoja kwa ndoa za dini na mila zote, lakini iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Kwa binti wa Tarime jambo hili si la mahakamani tu. Ukeketaji na ndoa ni milango miwili ya nyumba moja: akishapita wa kwanza, huonekana yuko tayari kwa wa pili, na daftari lake la shule hufungwa.

Kwa nini sheria peke yake haikufika

Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini Tanzania tangu mwaka 1998, ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Adhabu yake ni kifungo cha miaka isiyopungua mitano na isiyozidi kumi na mitano. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi. Takwimu za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba katika Mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2015-16, na asilimia 28 kwa mujibu wa ule wa mwaka 2022. Wastani wa taifa katika utafiti huo wa pili ulikuwa asilimia 8. Kuna kushuka, na tumshukuru Mungu. Lakini kushuka huko ni kwa taratibu, na kwa kuwa wastani wa mkoa huwajumlisha hata watu wa jamii zisizokeketa, hauonyeshi uzito wa jambo lenyewe katika kata zinazokeketa.

Sababu za ugumu huu zinajulikana na kila anayeishi hapa. Ya kwanza ni uchumi. Mahari katika jamii ya wafugaji huhesabiwa kwa ng'ombe, na binti aliyekeketwa amehesabiwa kuwa na thamani kubwa zaidi. Ng'ombe hao ndio watakaomwezesha kaka yake naye kuoa. Mwili wa dada umekuwa akiba ya familia. Isitoshe, ada hutozwa kwa kila mtoto anayepelekwa saro, nayo hugawanywa kati ya ngariba na wazee, hivyo wapo wanaopoteza kipato mila hii inapopungua.

Ya pili ni aibu. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa msagane, neno linalomfuata kisimani, sokoni na hata katika nyumba atakayoolewa. Baadhi ya wanawake wamekubali kisu wakiwa watu wazima, baada ya ndoa au wakati wa kujifungua, kwa kuchoshwa na kejeli za wakwe na mawifi. Na kwa kuwa sheria yetu imemlenga aliye chini ya miaka 18, mwanamke huyo hana ngao ya wazi.

Ya tatu ni mpaka. Mstari uliochorwa na wakoloni uliwagawa Wakurya kati ya Tanzania na Kenya, lakini haukuzigawa koo. Kenya ilitunga mwaka 2011 sheria kali inayokataza ukeketaji kwa umri wowote, hata anayetoka nchini kwenda kuufanya kwingine. Upande mmoja unapobana, watoto huvushwa kwenda upande wa pili kupitia njia za ng'ombe ambazo hakuna askari anayezimaliza.

Ya nne ni hofu ya kura. Diwani au mbunge anayesimama hadharani kuipinga saro anajua kwamba wazee wa ukoo wanaweza kumnong'oneza mpinzani wake. Wengi huchagua kunyamaza, wengine huhudhuria sherehe na kutoa zawadi, kisha wakiwa Dodoma huzungumza lugha ya haki za binadamu.

Yote manne yanatuelekeza mahali pamoja. Katika Tarime na Serengeti, mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote hakai katika ofisi ya serikali. Ni mzee wa mila. Baraza la siri la wazee, inchama, ndilo linalotafuta ishara na kuamua kama mwaka ni mwema kwa saro. Mkutano wa hadhara wa ukoo, iritongo, ndio unaosikilizwa kuliko tangazo la mkuu wa wilaya. Wazee hawa si maadui wa jamii. Wamepatanisha koo zilizokuwa zikichomeana nyumba kwa ajili ya mashamba na mifugo, hata katika eneo ambalo Jeshi la Polisi lililazimika kulifanya Kanda Maalumu ya Tarime na Rorya. Wanaheshimika kwa sababu wameistahili heshima. Kwa hiyo swali la wakuu wa Mara, hatimaye, linabishwa mlangoni kwao.

Wakuu wasio na sanamu

Wakati wazee wakitafakari, wapo walioanza kuandika ukurasa mpya. Katika kijiji cha Masanga, wilayani Tarime, masista walianzisha mwaka 2008 kazi ya kuwapokea wasichana wakati wa msimu wa saro. Mabinti hukaa pamoja, hufundishwa kuhusu mwili wao, imani yao na haki zao, hujifunza pia mema ya mila zao, na mwishowe husherehekewa kuingia utu uzima bila damu. Mjini Musoma, kituo cha Jipe Moyo cha Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Afrika kimekuwa kimbilio la watoto wa aina hiyohiyo. Na huko Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 na Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana. Wakatoliki hatuoni shida kulisema jambo hili kwa shukrani: mbele ya mtoto anayekimbia, Wakristo wa Mara wamekuwa mwili mmoja kuliko katika mikutano yetu mingi ya kiekumene.

Jina la Rhobi Samwelly, aliyeiongoza nyumba hiyo ya Mugumu na baadaye kuanzisha shirika la kuwatetea wasichana lenye vituo Mugumu na Butiama, limevuka mipaka ya nchi. Ni binti wa mkoa huu. Yeye mwenyewe alikeketwa na nusura apoteze maisha kwa kutokwa na damu. Alichagua jeraha lake liwe mlango wa wengine. Pamoja na wenzake walijitolea kuvichora vijiji vya Serengeti katika ramani za kidijitali, kwa sababu msaada hauwezi kumfikia mtoto kabla ya mapambazuko ikiwa kijiji chake hakipo katika ramani yoyote. Tuliona hapo juu kwamba Serengeti ilihesabiwa kwa ndege kwa ajili ya wanyama. Sasa inachorwa, kitongoji kwa kitongoji, kwa ajili ya mabinti.

Nyuma ya majina haya machache wapo wengi wasio na majina. Yupo dereva wa bodaboda aliyempakia mtoto usiku bila kudai nauli. Yupo mwalimu aliyepeleka habari polisi akijua kwamba atakutana na wazazi hao sokoni. Yupo bibi aliyekuwa ngariba na akakitupa kisu. Yupo baba aliyesema hapana mbele ya ndugu zake, akaitwa mwanamke kwa sababu hiyo, na akaendelea kusema hapana. Na yupo binti mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, aliyetembea gizani peku kuelekea mahali alipopasikia tu darasani. Ikiwa ushujaa ndio sifa ya Tarime, basi ushujaa gani unauzidi huu?

Sauti ya Kanisa, na ukimya wake

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wake wa Kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, aliuendeleza msimamo wa Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika dhidi ya mila zote zinazomnyima mwanamke haki na heshima yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliutaja ukeketaji wa wanawake waziwazi miongoni mwa matendo ya kulaumiwa yanayoijeruhi familia. Mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, mwili na roho. Hakuna sehemu ya mwili wa binti ambayo Muumba aliikosea, ikabaki kusubiri wembe wa mwanadamu uisahihishe.

Utamadunisho, neno tunalolipenda sana, maana yake ni Injili kuingia ndani ya utamaduni, ikayakumbatia yaliyo mema na kuyaponya yaliyo na ugonjwa. Mila za Kikurya zina mengi ya kukumbatiwa: heshima kwa wakubwa, mshikamano wa rika, uaminifu wa kiapo, ukarimu kwa mgeni. Saro yenyewe ina kiini chema, nacho ni kumwambia kijana kwamba amekua na jamii inamtegemea. Kiini hicho kinaweza kubaki. Kisu kinaweza kuondoka.

Lakini lazima tujihoji wenyewe. Wengi wa wazazi watakaowapeleka mabinti zao Desemba ni watu waliobatizwa. Wengine huimba kwaya, wengine ni viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumapili husimama kukiri imani, na katikati ya juma hununua vitenge vya sherehe. Je, mapadre wetu wamelisema jambo hili mimbarini kabla ya msimu, au wamengoja hadi uishe? Je, makatekista wamelifundisha katika maandalizi ya Kipaimara, umri ambao ndio huohuo wa saro? Mtakatifu Paulo VI alitufundisha mwaka 1975 kwamba watu wa nyakati zetu huwasikiliza mashahidi zaidi kuliko walimu. Ushahidi unaotakiwa hapa ni wa mzazi Mkatoliki atakayesema mbele ya jumuiya yake kwamba binti yake hatakwenda, na wa kijana Mkatoliki atakayesema kwamba yu tayari kumwoa msagane, tena kwa furaha.

Mzee aliyepiga magoti

Injili ya Marko, katika sura ya tano, inasimulia habari za mzee mmoja. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa na mwendo wake ulitazamwa. Siku ile, mbele ya umati wote, alianguka miguuni pa Yesu na kumsihi sana kwa ajili ya binti yake aliyekuwa mahututi. Mwinjili anautaja umri wa mtoto: miaka kumi na miwili. Njiani, kabla hawajafika, Yesu alimponya mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu kwa miaka kumi na miwili vilevile. Walipofika nyumbani palikuwa na watu wa kucheka. Yesu aliwatoa nje, akamchukua baba na mama, akamshika mtoto mkono, akamsimamisha, kisha akaagiza apewe chakula.

Yairo hakuipoteza heshima yake kwa kupiga magoti kwa ajili ya binti. Kwa sababu hiyo tu tunalijua jina lake hata leo. Wakuu wengine wa masinagogi ya Galilaya wamesahauliwa.

Huu ndio mwaliko wetu kwa wazee wa mila wa Tarime na Serengeti. Ninyi mna uwezo ambao hakuna mkuu wa wilaya wala askofu anao. Neno moja likitamkwa katika iritongo, kwamba mwaka huu na miaka yote wavulana watatahiriwa hospitalini na mabinti watabarikiwa bila kukatwa, litafanya kazi ambayo sheria haijaimaliza tangu mwaka 1998. Baba zenu waliyaacha meno yakabaki mazima, na ukoo haukufa. Ninyi mnaweza kuwaacha mabinti wakabaki wazima, na ukoo utaongezeka.

Kwa wengine sote kazi ipo na muda ni mfupi. Parokia zifungue kumbi zake shule zinapofungwa, kwa sababu nyumba salama hufurika Desemba. Halmashauri zinazopokea fedha za mgodi na za utalii zitazame kwanza mabweni ya wasichana. Viongozi wa pande mbili za mpaka wakutane kabla ya msimu, si baada yake. Wanasiasa waamue kama wanataka kura au wanataka kukumbukwa. Na familia zinazowapokea tena mabinti waliokimbia zisiwalaumu kwa kuwatia aibu. Watoto hao wamewaokoa wazazi wao na dhambi na gereza.

Historia ya Mara bado inaandikwa. Butiama tayari ina kaburi linalotembelewa na mataifa. Miaka hamsini ijayo, mtoto wa Masanga au wa Mugumu atakapouliza ni nani waliokuwa wakuu wa mkoa wake, ataanza na Mwalimu, kama inavyostahili. Mungu atujalie kwamba, baada ya Mwalimu, atawataja pia wazee waliokaa katika baraza siku moja ya Majilio, wakashauriana hadi usiku, na kutoka nje kuwaambia watu wao kwamba kisu kimewekwa chini.